Pikapu au Hiace? Dhana Potofu za Anayetaka Gari Moja la Kazi na Familia

Swali hili humsumbua mtu mwenye bajeti ya gari moja na kazi za magari mawili: fundi samani, mpishi wa sherehe, mkulima anayeishi mjini. Asubuhi gari lipeleke watoto shule, mchana lisombe mzigo, Jumamosi liwachukue bibi na mashangazi kwenda msibani. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Nilianza na Hiace, nikahamia kwenye Hilux ya kabini mbili, yaani pikapu yenye safu mbili za siti, kwa maneno ya kijiweni, na baada ya miaka minne nikarudi kwenye Hiace. Sikurudi kwa sababu Hilux ni gari baya. Nilirudi kwa sababu mengi niliyoambiwa kuhusu magari haya hayakuwa kweli, au yalikuwa kweli kwa mtu mwenye kazi tofauti na yangu.

Dhana: Pikapu hubeba mzigo mkubwa kuliko Hiace.

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu fedha nyingi zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Neno “mkubwa” limeficha mambo mawili ndani yake, yaani uzito na ujazo. Kwa uzito, magari haya yanakaribiana kuliko watu wanavyodhani: Hilux nyingi zimeundwa kubeba takriban tani moja, zingine pungufu kidogo, na Hiace za mizigo zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani nazo hupewa tani moja au zaidi kidogo, kutegemea toleo. Zote mbili zina springi za nyuma za mabamba ya chuma yaliyopangana, kwa hiyo anayesema Hiace “haina springi za kazi” hajawahi kuingia chini yake.

Tofauti ipo kwenye ujazo. Bodi ya Hilux ya kabini mbili, yaani ile sehemu ya wazi ya nyuma, ina urefu wa karibu mita moja na nusu, upana wa kadiri hiyo hiyo, na kuta zisizofika nusu mita. Ukiijaza hadi ukingoni umepata takriban mita moja ya ujazo. Ndani ya Hiace ndefu ya paa la kawaida, siti za nyuma zikikunjwa, unapata urefu wa karibu mita tatu, upana wa mita moja na nusu na kimo cha mita moja na robo au zaidi kidogo, ambayo ni zaidi ya mita tano za ujazo. Plywood ya futi nne kwa nane hulala yote ndani na mlango ukafungwa. Kwenye kabini mbili, bati la mita tatu hubaki nusu nje, likipigapiga njia nzima na kumtisha kila mwenye pikipiki aliye nyuma yako.

Mifuko ishirini ya saruji ya kilo hamsini ni tani moja kamili. Mifuko hiyo yote inaenea kwenye bodi ya kabini mbili, na nafasi inabaki. Jicho linakwambia ongeza, kumbe gari limekwisha kulemewa zamani. Magodoro kumi kwa upande wake hayafiki uzito wa mifuko michache ya saruji, lakini hayaenei kwenye bodi hiyo hata ukiyafunga kwa kamba kama mganga. Anayeuza saruji na nondo hahitaji ujazo wa Hiace, na anayeuza magodoro au samani hahitaji bodi ya chuma. Kwa kuwa mizani za barabarani zimewekwa kwa ajili ya magari yenye uzito wa jumla wa tani tatu na nusu na kuendelea, magari yetu haya hupita pembeni bila kuulizwa, na mzigo uliozidi hugunduliwa na fundi baadaye, kwenye beringi na breki.

Dhana: Kabini mbili inatosha kwa yote, watu watano ndani na tani nyuma.

Tani inayotajwa kwenye karatasi za gari si ya bodi peke yake. Ni tofauti kati ya uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa juu kabisa linaoruhusiwa kuwa nao barabarani, na watu wamo humo. Tuchukue Hilux ya kabini mbili inayoruhusiwa kilo 900. Wapakie watu wazima watano wenye wastani wa kilo 70. Wamekula kilo 350. Kwenye bodi zinabaki kilo 550, ambazo ni mifuko kumi na mmoja ya saruji. Ukiwa umeongeza ngao ya chuma ya mbele, kifuniko cha bodi na tairi kubwa za kujionyesha, toa na hizo.

Hesabu hii inaihusu Hiace vilevile, lakini kwa mwenye Hiace nafasi ya watu na nafasi ya mzigo zinagombana mbele ya macho yake, kwa sababu zote ni chumba kimoja. Siti ikifunguliwa, mzigo unapungua. Kila mtu anaona. Kabini mbili humdanganya mwenyewe kwa kutenganisha vyumba viwili vinavyotumia akiba moja ya uzito.

Dhana: Hiace ni gari la daladala, haifai kwa baba mwenye heshima.

Kwa miaka mingi Hiace ndizo zilizokuwa vipanya vya Dar es Salaam, na harufu ya daladala haijaitoka hadi leo. Mke wangu alinieleza waziwazi kwamba hatashushwa kwenye harusi kutoka kwenye kipanya. Nilipomletea Hilux alifurahi kwa muda wa msimu mmoja wa likizo, mpaka tulipotakiwa kwenda Iringa watu saba. Magari haya mawili ni ndugu: Hiace ilianza kuuzwa mwaka 1967 na Hilux mwaka 1968, kutoka kampuni hiyo hiyo ya Toyota, na kwa vizazi kadhaa yamekuwa yakitumia injini za ukoo mmoja, zikiwemo 5L na 2KD ambazo kila fundi wa hapa anazifahamu. Heshima ya moja na dharau ya nyingine imetokana na aliyekuwa akiendesha.

Anayeilalamikia Hiace kwa haki ana hoja nyingine. Injini yake iko chini ya siti za mbele, kwa hiyo joto hupanda miguuni katika safari ndefu, na fundi lazima ainue siti kila anapotaka kuigusa. Pia dereva na abiria wa mbele hukaa juu kabisa ya tairi za mbele bila boneti ndefu ya kuwatangulia; gari likigonga kitu uso kwa uso, chuma cha kupokea kishindo kabla ya magoti ni kidogo kuliko cha Hilux. Hilo ni la kweli, na ndilo lililonifanya nipunguze mwendo kuliko nilivyokuwa nikiendesha pikapu.

Dhana: Mtoto akikaa chini kwenye bodi hana neno, mradi mwendo ni mdogo.

Sitapoteza maneno mengi hapa. Bodi haina mkanda, haina siti na haina paa. Mwendo wa kilomita arobaini kwa saa, breki moja ya ghafla kwa ajili ya mbuzi, na aliyekaa ukingoni yuko barabarani. Turubai halisaidii, likifunikwa vibaya linavuta moshi wa ekzosi ndani. Familia yenye watoto wanne na wazazi wawili haienei kihalali kwenye kabini mbili, na mwenye familia hiyo ajue kwamba akinunua pikapu amenunua pia kishawishi cha kuwapanga watoto nyuma siku moja moja, ambazo huwa nyingi.

Dhana: Ndani ya Hiace kila kitu kiko salama kwa sababu kuna paa na milango.

Mzigo haunyeshewi na hauibiwi kwenye foleni, hilo ni kweli. Usalama wa watu ni habari nyingine. Mwaka wangu wa kwanza nilipakia maboksi ya vigae nyuma ya siti, nikamchukua binti yangu shuleni, na karibu na Msamvu bodaboda alinikatiza. Nilikanyaga breki, gari likasimama, maboksi hayakusimama. Yaliteleza sakafuni na kuibamiza siti aliyokalia kwa kishindo ambacho bado nakisikia. Hakuumia, lakini siku ile ile nilimpelekea fundi chuma gari litiwe pete nne za kufungia mikanda sakafuni na wavu wa chuma nyuma ya siti. Mwenye pikapu ana ukuta wa kabini kati yake na mzigo. Mwenye Hiace lazima ajijengee.

Kuna pia vitu visivyopaswa kabisa kusafiri chumba kimoja na watu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo mtungi ukivuja hujikusanya sakafuni na kusubiri cheche. Madumu ya petroli, rangi zenye thina na dawa za mashamba ziko katika kundi hilo hilo. Anayeuza mitungi ya gesi, au samaki wabichi kwa sababu ambazo pua itamweleza, asinunue gari la chumba kimoja kwa ajili ya familia.

Dhana: Kwenye tope pikapu haikwami.

Hilux yenye uwezo wa kuzungusha magurudumu manne, tairi zenye meno na dereva anayejua kuiingiza gia hiyo ni gari gumu kweli. Hata hivyo pikapu nyingi zinazouzwa huzungusha magurudumu ya nyuma tu, na ikiwa tupu sehemu hiyo ya nyuma ni nyepesi kiasi kwamba tairi huzunguka hewani kwenye tope na huteleza kwenye lami iliyolowa. Ndiyo maana madereva wa zamani huweka magunia mawili ya mchanga wanapoipandisha milima ya Mgeta wakati wa masika. Hiace ya kawaida nayo husukumwa na magurudumu ya nyuma na iko chini zaidi, kwa hiyo kwenye barabara zenye makorongo haishindani. Zipo Hiace za magurudumu manne, ila si nyingi. Jambo moja ambalo wenye Hilux huliharibu kwa kutojua: katika matoleo mengi, gia ya magurudumu manne haitakiwi kutumika kwenye lami kavu, kwa kuwa magurudumu ya mbele na ya nyuma hulazimika kuzunguka sawa hata kwenye kona, na mfumo mzima hujikaza hadi kitu kivunjike.

Ndugu yangu analima viazi na kabichi huko juu. Yeye ana Hilux ya kabini moja, bodi ya zaidi ya mita mbili, na sijawahi kumshauri abadilishe. Jokofu la milango miwili pia husimama wima kwenye bodi yake, wakati mimi lazima nililaze, kisha nimwambie mteja asiliwashe mpaka oili irudi kwenye kompresa.

Dhana: Ushuru na bima ni zile zile, gari ni gari.

Tanzania haina marufuku ya umri kwa magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka nje, lakini gari kuukuu huongezewa ushuru wa bidhaa kwa ajili ya umri, na aina ya gari huingia katika hesabu. Kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kilichoko mtandaoni kinatoa jibu kabla hujatuma hata senti. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Bima ya gari binafsi, namba ya njano, haikusudiwi kwa anayelipwa kubeba mizigo au abiria. Siku ya ajali kampuni itauliza ulikuwa umebeba nini na kwa malipo ya nani. Ukianza kukodisha, iwe ni pikapu au Hiace, unahitaji namba nyeupe na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.

Dhana: Hilux iliyotumika ikitoka Japani ndiyo nzuri.

Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na ikairudisha mwaka 2017. Kwa hiyo Hilux ya mwaka 2010 yenye usukani wa kulia kwa kawaida ilianza maisha yake Thailand, Uingereza, Afrika Kusini au Australia, si kwenye barabara za Tokyo kama muuzaji anavyoapa. Hiace za miaka hiyo zimejaa kwenye minada ya Japani, na wingi huo ni sababu mojawapo ya wewe kupata Hiace yenye hali nzuri kwa fedha ambazo zingekupa Hilux iliyochoka. Iliyotoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, ilalie chini na nyundo ndogo kabla ya kulipa. Gonga chasi kuanzia mbele hadi kwenye springi za nyuma. Chuma kizima hulia; kilicholiwa na kutu hutoa mlio mfu, na vipande vyekundu hukuangukia usoni.