Kusogeza mstari wa grafu kwenye maswali ya SAT

Kusogeza grafu ni kuihamisha nzima juu, chini, kulia au kushoto, bila kuizungusha wala kuivuta. Mstari ulionyooka ukihamishwa hivyo, mteremko wake haubadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni mahali unapokata mhimili wa y. Anayejiandaa kwa SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vikuu vya Marekani, alishike hilo kabla ya kanuni yoyote.

Chukua f(x) = 2x + 3. Kuupandisha mstari huu vizio 4 ni kujumlisha 4 mwishoni, unapata 2x + 7. Hapo ni rahisi. Kazi ipo kwenye kwenda kulia. Mkono hukimbilia kuandika x + 4, kwa kuwa kulia ndiko namba zinakoongezeka, kumbe sahihi ni x − 4: yaani 2(x − 4) + 3, sawa na 2x − 5. Kwa nini kutoa? Mwanzoni, x ilipokuwa 0, jibu lilikuwa 3. Sasa nukta hiyo imehamia kwenye x = 4, kwa hiyo lazima tuondoe 4 kwanza ili fanksheni ipokee 0 ileile na kutoa 3 ileile. Angalia pia kwamba 3 imegeuka −5. Kwenda kulia vizio 4 kumeushusha mstari vizio 8, yaani mteremko mara umbali, na huo ni uhakiki mzuri wa haraka.

Swali linalotaka utulivu zaidi ni la kinyume. Unapewa mchoro wa y = f(x) + 6, mstari unapita (0, 4) na (2, 1), halafu unaulizwa f(x) ni ipi. Mteremko ni −3/2, basi mstari uliochorwa ni y = −(3/2)x + 4. Mwenye haraka huchagua huohuo, au hujumlisha 6 na kupata 10 mwishoni. Lakini ile 6 imeshaingia kwenye mchoro; f ndiyo iliyokuwepo kabla yake, kwa hiyo tunaitoa: f(x) = −(3/2)x − 2. Ukiwa na shaka, andika jibu lako kwenye kikokotoo cha Desmos kilichomo ndani ya mtihani, ongeza 6, uone kama mstari unapita kwenye nukta zile mbili.