Kutoka chuo hadi chumba cha habari: yanayosemwa koridoni na yaliyopo kazini

Msimu wa mahafali ukipita, wahariri wa Dar es Salaam huanza kupokea barua zinazofanana neno kwa neno: "Mimi ni kijana mchapakazi, mbunifu, niliye tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote." Kutoka Tabata Relini hadi Mikocheni barua pepe zinajaa, na wanaoambatanisha kitu cha kusoma au kusikiliza ni wachache mno. Wahitimu hawa wametoka SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) ya Mwanza, SJMC, shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Iringa na vyuo vya stashahada vilivyotapakaa mijini. Akili wanazo. Kinachowachelewesha ni maneno waliyookota koridoni, mengine yakitoka kwetu sisi wenyewe tulio kazini. Nayapitia yale ninayoyasikia mara nyingi, kwa upande wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za habari.

"Cheti nimepata, sasa mimi ni mwandishi"

Zamani hili lilikuwa na mjadala, siku hizi sheria imelimaliza kwa upande mmoja. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kifungu cha 19, inamzuia mtu kufanya kazi ya uandishi wa habari bila ithibati, yaani kibali rasmi cha kuitambua kazi yake. Kanuni za 2017 zikaweka stashahada ya uandishi wa habari, au ya fani inayohusiana nayo, kuwa kiwango cha chini. Waliokuwa kazini bila sifa hiyo walipewa miaka 5 ya kujiendeleza, na muda huo ukaisha Desemba 31, 2021. Kwa miaka mingi vitambulisho vilitolewa na Idara ya Habari, MAELEZO. Bodi ya Ithibati, iliyoundwa na sheria hiyo kwa kazi hiyo, ilibaki kwenye makaratasi hadi ilipopata wajumbe chini ya mwenyekiti Tido Mhando, mwanahabari mkongwe, na mwaka 2025 ikaanza kusajili waandishi.

Kwa hiyo mkongwe anayekuambia "sisi tuliingia na kipaji tu" anasema kweli, ila anasimulia zama zake. Nawe mwenye shahada ya uchumi, sheria au kilimo (na tunawahitaji sana, maana kurasa za biashara zinaandikwa na watu wanaoogopa hesabu) utatakiwa uwe na sifa ya taaluma ya habari juu ya hiyo uliyonayo. Stashahada ya uzamili ni njia mojawapo.

Ila cheti kinakupa ruhusa tu. Swali la kwanza la mhariri ni: "Umeshaandika nini?" Jibu la "tulifanya gazeti la darasa" halitoshi kama huwezi kumwonyesha hata ukurasa mmoja.

"Kiswahili ni chetu, hakuna cha kujifunza"

Hapa ndipo wengi wanapokwama wiki ya kwanza. Mtu amesoma miaka mitatu kwa Kiingereza, mitihani na utafiti wake vyote kwa Kiingereza, kisha anapewa stori ya Kiswahili inayotakiwa mezani kabla ya saa kumi jioni. Anachoandika ni hiki:

"Mkuu wa wilaya amewataka wananchi kuitunza na kuilinda miundombinu ya maji ili iweze kudumu na kuleta tija kwa kizazi cha sasa na kijacho. Ameyasema hayo katika hafla ya uzinduzi wa mradi iliyohudhuriwa na viongozi mbalimbali wa chama na Serikali."

Sarufi haina kasoro, na hakuna habari ndani yake. Mhariri atauliza: mradi umegharimu kiasi gani? Jana watu walichota wapi? Ndoo walinunua kwa bei gani? Pampu ikiharibika nani analipa fundi? Ripota atajibu kwamba hayo hayakusemwa kwenye hotuba. Ni kweli hayakusemwa. Alikuwa nayo mama aliyesimama na ndoo nyuma ya turubai, na hakuna mwandishi aliyemfuata kwa sababu wote walikuwa wamemzunguka mkuu wa wilaya kwa maiki.

Akipiga simu mbili tatu, aya ya kwanza inageuka: "Ndoo ya maji waliyokuwa wakiinunua Sh500 kwa bodaboda, sasa wakazi wa kijiji hiki wataichota kwa Sh50 karibu na nyumbani, iwapo kamati ya maji itamudu kulipia umeme wa pampu." Hapo pana bei, pana watu, pana na wasiwasi ambao kesho unaweza kuzaa stori nyingine. Maneno kama "viongozi mbalimbali", "kuleta tija" na "ameyasema hayo" yamekatwa, na hakuna msomaji atakayeyaulizia.

Redioni ndiyo zaidi, kwa sababu msikilizaji hawezi kurudia sentensi. Soma stori yako kwa sauti kabla ya kuituma. Ukikosa pumzi katikati, sentensi ni ndefu.

"Bila kuwa na mtu ndani huingii, na kazi zote ziko Dar"

Nisidanganye: kujuana kupo. Nafasi nyingi hazitangazwi gazetini, mhariri huuliza waliopo, "Nani ana kijana anayeweza?" Lakini mara nyingi huyo "mtu ndani" ni msimamizi wako wa fildi. Wiki zile za mafunzo kwa vitendo, ambazo wengine huzipitisha kwa kusaini daftari la mahudhurio na kupiga picha studio, ndizo zinazomfanya mtu akumbuke jina lako. Aliyeleta wazo la stori kila asubuhi anakumbukwa, na aliyesubiri kupangiwa husahaulika mapema.

Kuhusu Dar: ndiko waliko wahitimu wengi, na ndiyo maana foleni ni ndefu. Mkoani hali ni tofauti. Redio za jamii kama Pangani FM au Sengerema FM huwa na watu wachache kazini, hivyo mtu mmoja hurekodi, huhariri sauti, husoma taarifa, huandaa kipindi cha wakulima na huweka stori mtandaoni. Malipo ni madogo, wakati mwingine madogo mno. Lakini mtu aliyefanya hivyo kwa mwaka mmoja ana kazi za kumwonyesha mhariri, na ana eneo analolijua kuliko mtu yeyote wa makao makuu. Vyombo vikubwa vyote huhitaji macho Kigoma, Lindi, Katavi. Jiunge na klabu ya waandishi ya mkoa wako; klabu hizo ziko chini ya UTPC, muungano wa klabu za waandishi nchini, na taarifa za mafunzo na ruzuku za kuandika habari husambaa humo kabla hazijafika kwingine.

"Sina sauti wala sura ya runinga"

Hesabu majina yanayopita mwisho wa kipindi. Mtangazaji ni mmoja. Waliobaki ni watayarishaji, wahariri wa video, wapiga picha, mafundi wa sauti, watu wa michoro na wa mitandao ya kijamii. Anayejua kuhariri video vizuri hupata kazi haraka kuliko mtangazaji mzuri.

"Nitaanza kama korispondenti, mkataba utakuja wenyewe"

Hili nitakaa nalo, kwa sababu ndilo linalowapotezea vijana miaka.

Korispondenti hulipwa kwa stori iliyotoka. Stori ikikataliwa, ikikatwa kuwa habari fupi au ikikaa mpaka ikachacha, malipo hupungua au hayapo kabisa. Nauli, vocha na kifurushi cha intaneti mara nyingi vinatoka mfukoni mwako. Mwisho wa mwezi unaandaa orodha ya stori zako pamoja na tarehe na kurasa, unaipeleka kwa mhariri aidhinishe, inakwenda uhasibu, kisha unasubiri. Utaratibu huo wenyewe si haramu. Ubaya ni pale unapodumu miaka sita huku mtu anakuja ofisini kila siku saa mbili asubuhi, anapangiwa zamu na anaomba ruhusa akiugua. Mwaka 2023 Serikali iliunda kamati ya kutathmini hali ya uchumi wa vyombo vya habari, nayo ikiongozwa na Tido Mhando, ikakuta wanahabari wengi wanafanya kazi bila mikataba. Hakuna aliyeshangaa.

Wachache wanajua sheria inasemaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi yenyewe, mahali, saa, ujira. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo, kifungu cha 61, inakwenda mbali zaidi. Mtu hudhaniwa kuwa mwajiriwa, hata kama karatasi inamwita wa kujitegemea, iwapo kuna kigezo hata kimoja kati ya vilivyoorodheshwa humo: mwenye kazi anamwelekeza namna na saa za kufanya kazi, ni sehemu ya taasisi, anategemea kipato cha hapo, anapewa vifaa, anamfanyia kazi mtu mmoja tu, au amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi 3 iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Korispondenti wa kawaida huzimaliza ndani ya wiki ya kwanza.

Sisemi ukimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayopokea migogoro ya kazi, ukiwa na miezi minne kazini. Mji huu ni mdogo na wahariri wanapigiana simu. Ila tunza kumbukumbu tangu siku ya kwanza: stori zilizotoka, ujumbe wa kupangiwa kazi, ratiba ya zamu, malipo uliyopokea. Baada ya mwaka, ukiwa na stori kadhaa za ukurasa wa mbele, omba kikao na uulize wazi kuhusu mkataba na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Ukiambiwa "subiri bajeti" mara mbili mfululizo, anza kupeleka stori na kwingine. Ukiachishwa na ukaona umeonewa, CMA inapokea mgogoro wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Wengi hufika siku ya tisini, wakiwa bado wanabembelezana na mtu wa rasilimali watu.

Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu nayo haisubiri mkataba wako. Marejesho huanza kuhesabiwa miezi 24 baada ya kumaliza masomo, na ukiajiriwa makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Piga hesabu hiyo kabla ya kukubali ofa ya kwanza.

"Bahasha ni nauli tu"

Semina iko hotelini. Mlangoni kuna karatasi: jina, chombo, namba ya simu, saini. Mada zinasomwa, chai inanywewa, na saa nane mchana waandishi wanajipanga tena kwa yule dada mwenye karatasi. Kila mmoja anatoka na bahasha. Kesho yake afisa uhusiano anapiga simu: "Mdogo wangu, ile stori inatoka lini?" Haulizi kama inatoka.

Ukweli ni kwamba kwa korispondenti, bahasha moja inaweza kuzidi malipo ya stori kadhaa, na anayehubiri maadili bila kulitaja hilo hajui wenzake wanaishije. Hata hivyo kanuni za maadili za Baraza la Habari ziko wazi: mwandishi hapokei kitu cha kumfanya aandike au asiandike. Kuna na hasara ya kikazi isiyosemwa. Mwandishi wa bahasha huenda kunakoitwa waandishi ishirini, anarudi na stori waliyo nayo wote, na mwaka unaisha hana hata moja iliyo yake. Uliza dawati lako mapema nani analipa nauli. Ukipewa kitu mbele za watu usijue la kufanya, mwambie mhariri siku hiyohiyo.

"Nitafungua chaneli yangu, sihitaji kuajiriwa"

Wapo waliofanikiwa, Millard Ayo akiwa mfano ambao kila darasa huutaja. Kinachosahaulika ni kwamba alikuwa redioni kwanza, na watu walikuwa wanamjua.

YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 (au mitazamo milioni 10 ya video fupi ndani ya siku 90) kabla hujaanza kugawiwa fedha za matangazo, na ukishafika, malipo hutegemea watazamaji wako wako nchi gani. Kisha kuna TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilianza mwaka 2018, na marekebisho ya 2022 yakawapunguzia mzigo wa leseni wasiojihusisha na habari. Anayerusha habari na matukio bado anatakiwa kuwa nayo, na mkono wa mdhibiti ni mrefu: Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zilisimamishwa kwa siku 30 kutokana na video moja ya katuni. Kampuni ile ina wanasheria na gazeti la karatasi la kuendelea nalo. Wewe una simu na mkopo wa kamera.

"Mimi nalenga BBC au DW"

Lenga, nafasi zipo. Lakini Machi 2025 wafanyakazi wa Sauti ya Amerika, idhaa ya Kiswahili ikiwamo, waliambiwa wakae nyumbani kwa amri iliyotoka Washington, na wengine walikuwa na miaka mingi pale. Na ripoti nyingi za DW, shirika la utangazaji la Ujerumani, kutoka Tanzania hazitengenezwi makao yake ya Bonn. Hutumwa na waandishi walioko hapahapa, wanaojua simu ya mganga mkuu wa mkoa kwa kichwa.