Mbu wa Sikioni Siye wa Malaria: Tunayoamini Kuhusu Kuumwa na Mbu

Ukichunguza vizuri, mengi tunayoamini kuhusu mbu yanatoka sehemu mbili tu: sikioni na kwenye ngozi. Akilia sikioni, tunasema kinga imeshindwa. Ngozi ikiwasha, tunasema mtu ameumwa vibaya. Isipowasha, basi hakuumwa. Vipimo hivi viwili vinawapotosha watu wengi, na wengine vinawagharimu watoto wao. Mbu siyo mmoja. Kuna Anofelesi wa malaria, kuna Kuleksi wa matende na mabusha, kuna Aedesi wa dengue na chikungunya, na kila mmoja ana saa zake, maji yake na adabu zake. Hapa chini ni yale ninayoyasikia mara kwa mara mitaani na kwenye foleni za kliniki, na ukweli wake.

"Chandarua siku hizi hakisaidii kitu, mbu wamekizoea"

Hii inanisikitisha kuliko zote, kwa sababu ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo inawafanya watu waache kinga bora waliyonayo. Mama anapewa chandarua kliniki Dar es Salaam, anakitundika, usiku anawasikia mbu wanalia vilevile, asubuhi anawakuta ukutani wazima wa afya. Anaona amedanganywa. Mwezi unaofuata chandarua kinafunika mchicha au vifaranga.

Wale waliokuwa wakilia, kwa mji kama Dar es Salaam, wengi wao ni Kuleksi. Huyu huzaliwa kwenye maji machafu: vyoo vya shimo vyenye maji, makaro yaliyopasuka, mitaro iliyoziba. Ni sugu sana kwa dawa ya chandarua, kwa hiyo kumkuta mzima asubuhi si ajabu. Lakini huyu haambukizi malaria hata kidogo. Anayeambukiza ni Anofelesi, ambaye mara nyingi huuma usiku mkubwa, wakati aliyelala hajui hata upande gani amegeukia. Humsikii. Ukikipima chandarua kwa kelele za Kuleksi, unakihukumu kwa kosa la mwingine.

Chembe ya ukweli ni hii: Anofelesi naye amejenga usugu sehemu nyingi. Hilo halikufichwa, na kazi kubwa ya kulitafutia jibu imefanyika hapahapa Tanzania. Utafiti wa Muleba, mkoani Kagera, ulionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO, inayovunja usugu wa mbu, viliwakinga watoto vizuri kuliko vile vya zamani. Ukafuata wa Misungwi, Mwanza, uliochapishwa 2022, ambako vyandarua vyenye dawa mbili kwa pamoja, ya zamani na klofenapiri, vilifanya vizuri zaidi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza rasmi kwa maeneo yenye usugu. Na hata dawa ikipungua nguvu, kitambaa kizima kilichochomekwa chini ya godoro bado ni ukuta kati yako na mbu.

Kinachokiangusha chandarua ni matumizi. Mkono ukikigusa, mbu anauma kupitia matundu. Kikianikwa juani, dawa inaharibika. Kianike kivulini, na ukifue kwa sabuni ya kawaida bila jiki. Kile kipya kitoe kwenye mfuko ukitundike kivulini siku nzima kabla ya kukilalia, na ule muwasho wa usoni wanaoulalamikia wengi hautakuwepo au utakuwa mdogo.

Wako wanaosema chandarua huleta kunguni: hakiwazai. Wanaingia na mizigo, magodoro na makochi ya mitumba, kisha wanajificha kwenye pindo lolote wanalolikuta, la chandarua likiwemo. Na kwa wanaosema kinapunguza nguvu za kiume, hapana.

Kama kinachokukera ni kelele za Kuleksi, basi dawa yake iko chooni. Makunduchi, Unguja, walilionyesha hili mwishoni mwa miaka ya 1980. Vipira vidogo vya polistirini, ile plastiki nyepesi nyeupe inayofungiwa televisheni mpya, vilimwagwa kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Vikaelea vikafanya tabaka nene. Mbu akakosa pa kutagia na viluwiluwi wakakosa pa kupumulia. Wananchi wakapewa na dawa ya minyoo ya matende. Mbu walipungua sana na maambukizi yakashuka. Mfuniko mzuri wa choo, wavu kwenye bomba la hewa na karo lisilovuja vinafanya kazi hiyohiyo nyumbani kwako.

"Fyeka majani, mbu wataisha"

Mbu hapati watoto kwenye majani. Anapumzika humo mchana, basi. Anazaliwa majini, na kutoka yai hadi mbu kamili ni kama wiki moja hadi mbili, kutegemea joto. Ukitumia Jumamosi nzima kufyeka ukaacha ndoo ya maji ya mvua nyuma ya nyumba, umechoka bure.

Chota maji yaliyotuama kwa bakuli jeupe uyaangalie kwenye mwanga. Wakiwemo viluwiluwi waliolala sambamba na uso wa maji, hao ni Anofelesi. Wakining'inia vichwa chini huku mkia umegusa juu, ni Kuleksi au Aedesi. Huo mkia ni mrija wa kupumulia. Ukitikisa bakuli wote wanazama, kisha wanarudi juu mmoja mmoja. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuwatofautisha, na akishawaona hasahau.

Anofelesi wetu wa kawaida hupenda maji masafi kiasi yanayopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia tofali, majaruba ya mpunga. Aedesi hutaka vyombo: matairi, vifuu vya nazi, sahani za maua, mapipa, simtanki lisilofunikwa. Na hapa watu wengi wanajitahidi wakashindwa kwa hatua moja tu. Mayai ya Aedesi hunata ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua. Kumwaga maji hakutoshi. Sugua kuta za pipa kwa brashi angalau mara moja kwa wiki, ndipo ujaze upya na kufunika.

Wako pia wanaosema malaria ni ya shamba, mjini tuko salama. Anofelesi stefensi, mbu wa kutoka Asia, alionekana Djibouti 2012, baadaye Ethiopia, na mwaka 2023 Kenya ikatangaza kumpata Marsabit. Huyu anaeneza malaria na anazaliana vizuri kwenye vyombo vya maji vya majumbani, mjini kabisa.

"Mbu ni wa usiku"

Aedesi, yule mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Dar es Salaam iliugua dengue mwaka 2014 na tena 2019. Chikungunya yenyewe ilielezwa kwa mara ya kwanza kutoka uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kwenye mlipuko wa 1952 na 1953. Ni ugonjwa wa kwetu. Kwa hiyo mtoto mchanga anayelala saa nne asubuhi mlaze ndani ya chandarua, na wewe uliyekaa mezani ofisini, angalia vifundo vya miguu.

"Yule ana damu tamu"

Sukari ya damu haihusiki. Mbu jike, ambaye ndiye pekee anayeuma kwa kuwa anahitaji damu ya kutengenezea mayai, anafuata hewa unayoitoa puani, joto la mwili na harufu ya ngozi. Harufu hiyo inatokana na jasho pamoja na bakteria wa kwenye ngozi, na inatofautiana mtu na mtu. Utafiti wa Gambia uliochapishwa 2000 ulikuta wajawazito wanavutia mbu wa malaria karibu mara mbili ya wanawake wasio na mimba. Ndiyo maana mjamzito anatangulizwa kupewa chandarua, wala si upendeleo. Burkina Faso nako walikuta kwamba aliyekunywa pombe ya kienyeji anavutia mbu zaidi.

Hatari zaidi ni dhana ya upande wa pili: "Mimi mbu hawaniumi." Kipele na muwasho si alama ya meno ya mbu. Ni mwili unaokasirikia mate yake. Mtu aliyeumwa tangu utotoni mara nyingi mwili wake umeshayazoea mate hayo na hauvimbi tena, huku mgeni aliyefika jana amejaa vipele. Wote wawili wameumwa. Mwenye ngozi kimya ndiye asiyejikinga.

Vitunguu saumu, vitamini na mlio wa simu

Kula kitunguu saumu hakufukuzi mbu. Kimejaribiwa, hakuna tofauti. Vitamini B vilevile. Programu za simu na vifaa vya umeme vinavyodai kutoa sauti ya kufukuza mbu vimepimwa mara nyingi, na mbu wanaendelea kuuma. Taa za buluu za kuua wadudu huua zaidi kumbikumbi na nondo.

Mitishamba inahitaji maneno ya haki. Kivumbasi, mchaichai na mwarobaini vina mafuta ambayo kweli mbu hawayapendi, na bibi zetu hawakuwa wajinga. Lakini nguvu yake hudumu muda mfupi, na mmea uliosimama kwenye kopo dirishani hautoi mafuta ya kutosha kumzuia mbu yeyote. Dawa ya mduara ya kuchoma inapunguza mbu, lakini kwa gharama: watafiti walipima 2003 na kukuta kwamba mduara mmoja unaweza kutoa chembechembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Kuuwasha chumba kimefungwa na watoto wamelala si kinga. Ukilazimika, washa barazani.

Dawa ya kujipaka inayoaminika kufukuza mbu ni yenye kemikali ya DEET ya asilimia 20 hadi 30, au pikaridini, au mafuta ya mkalitusi wa limau yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Soma lebo. Paka ngozi iliyo wazi tu, baada ya mafuta ya kukinga jua kama unayatumia. Mtoto usimpake viganjani, maana viganja vinaishia mdomoni, na aliye chini ya miezi miwili usimpake kabisa. Pangaboi nalo ni msaada wa kweli: mbu anaruka kwa shida kwenye upepo, na harufu yako inatawanyika.

"Kipele kikiwasha paka dawa ya meno, au ndimu, au mafuta ya taa"

Dawa ya meno inapoza kwa dakika chache kwa sababu ya mnanaa wake, kisha inakausha na kuunguza ngozi laini. Mafuta ya taa yanachubua. Kupaka mate kunapeleka bakteria kwenye mchubuko. Ndimu ndiyo ya kuogopa zaidi: juisi yake ikibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, inaweza kutoa malengelenge kama ya kuungua moto, na weusi unaobaki hukaa wiki nyingi. Nimeona mtoto ana michirizi shavuni kama amechapwa, kumbe ni ndimu ya mama mwenye nia njema.

Osha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa cha maji baridi kama dakika 10. Muwasho ukizidi, losheni ya kalamine au krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 kutoka duka la dawa inatosha, na mtu mzima anaweza kumeza setirizini usiku. Kata kucha za watoto. Kipele kikiwa chekundu kinachotanuka, kina moto na usaha, hapo bakteria wameingia na mtu aende kituo cha afya. Uso au koo likivimba na pumzi kubana, ni jambo nadra, lakini ni la dharura.

Hakuna unachopaka juu ya kipele kinachozuia malaria. Vimelea vilikwishaingia na mate. Wala homa ya leo haitokani na mbu wa jana usiku: malaria huchukua angalau siku 7, mara nyingi 10 hadi 15, ndipo ianze. Na hapana, mbu haambukizi Ukimwi. Virusi vile havizaliani ndani yake, vinasagwa tumboni, na anapouma anatema mate, hatemi damu ya mtu aliyetangulia.

"Homa ni malaria, nunua dawa mseto"

Pima kwanza, ndani ya siku ya kwanza ya homa. Kipimo cha haraka kinatumia tone la damu ya kidole na majibu ni ndani ya dakika kama 20. Ukiwa nayo, dawa mseto ni dozi 6 kwa siku 3. Ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, zinazofuata ni asubuhi na jioni. Imeze na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, maana bila hivyo mwili hauichukui vizuri. Homa hushuka mapema na watu wanaweka vidonge vilivyobaki kabatini. Vimalize. Mtoto akipata degedege, hiyo inaweza kuwa malaria kali iliyofika kwenye ubongo. Anahitaji sindano ya atesuneti hospitalini, na kila saa inayopotea kwa mganga wa kienyeji inamweka hatarini zaidi.

Kipimo kikisema hakuna malaria, usimeze dawa mseto kwa kubahatisha. Huenda ni dengue, hasa mvua zikiwa zimenyesha na mwili wote ukiuma, macho nayo yakiuma kwa nyuma. Hapo aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ni hatari, kwa sababu zinaongeza uwezekano wa kuvuja damu. Tumia parasetamoli na maji mengi. Kipindi kibaya cha dengue huja homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7, wakati nyumba nzima inashukuru mgonjwa amepoa. Tumbo likianza kuuma sana, akitapika mfululizo, fizi au pua zikitoa damu, au akilegea asiweze kukaa, mpelekeni hospitali usiku huohuo, msisubiri kuche.