PhD ya ustawi wa jamii sio MSW iliyoongezwa miaka

Kila msimu wa maombi naona mtu kaandika "nina MSW, sasa naaplai udokta wa ustawi wa jamii Marekani nizidi kubobea kuhudumia familia", halafu orodha yake ya vyuo imechanganya PhD na DSW (Doctor of Social Work, udokta mwingine wa fani hiyohiyo) kama vile ni shahada moja. MSW yenyewe ni shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii. Sio moja jamani, na kuzichanganya kunaumiza.

PhD ya ustawi wa jamii ni mafunzo ya kuwa mtafiti: umaskini, malezi ya watoto, wazee, sera. Madarasa ya nadharia na takwimu, mitihani, tasnifu. Basi.

DSW ndo inavuruga watu na siwalaumu, manake huko nyuma, karne iliyopita, vyuo kama Berkeley na Columbia vilikuwa vinatoa DSW na ilikuwa ya utafiti kabisa, mtu anaandika tasnifu anaenda kufundisha chuo, baadaye vikahamia PhD kimoja baada ya kingine na DSW ikabaki kwa wachache. Halafu mwaka 2007 University of Pennsylvania wakaanzisha DSW ya aina nyingine, ya watu walioko kazini tayari, mkurugenzi wa shirika au mtu wa kliniki mwenye uzoefu wake, na vyuo vingine vikafuata, vingi kwa njia ya intaneti. Penn hiyohiyo inatoa na PhD ya ustawi wa jamii. Kwa hiyo ukisoma wasifu wa profesa mzee mwenye DSW usidhani alisoma hii ya sasa.

Na tofauti haiishii kwenye jina. PhD ya kukaa chuoni mara nyingi chuo kinakulipia ada na kukupa posho huku unasaidia kufundisha au kufanya utafiti, DSW wengi wanajilipia. Tena DSW ya mtandaoni tupu haikupi viza ya mwanafunzi, kwa mtu anayeaplai akiwa Dar au Kisumu hiyo ni kubwa sana.

Hata barua ya maombi inabadilika. Tuseme wewe ni afisa ustawi Temeke, umeshughulika na watoto wanaolelewa na bibi zao. Kwa DSW uzoefu huo ndo nguzo, eleza ulichoongoza na unachotaka kurekebisha kazini. Kwa PhD wanataka swali linalotoka humo, mfano ruzuku ya TASAF, ule mfuko wa serikali ya Tanzania wa kusaidia kaya maskini, inabadilisha nini kwenye nyumba ambayo mlezi ni bibi, na profesa gani pale anafanya utafiti wa karibu na huo. Sio lazima uwe na pendekezo zima la utafiti kama vyuo vyetu vingi vinavyodai mapema, ila mwelekeo lazima uonekane.

Kwa hiyo mdogo wangu, kama unachotaka ni kuongoza huduma, tafuta DSW na uitaje hivyohivyo, sio shahada ya kuonea haya. Kama ni PhD, ile aya ya kwanza ya "tangu utotoni napenda kusaidia watu" itoe, weka swali lako hapo.