Kitasa janja ni nini hasa, na je mlango wako unakuwa salama zaidi?

Kitasa janja ni kitasa cha mlango ambacho komeo lake linasukumwa na mota ndogo ya umeme badala ya mkono wako, na hiyo mota haizunguki mpaka ipate ruhusa, ruhusa yenyewe inaweza kutoka kwenye simu, kwenye namba ya siri unayobonyeza, kwenye kidole au kadi. Ndani kuna mota, gia kadhaa, betri na kompyuta ndogo sana yenye redio ya kuongea na simu yako. Ila chuma kinachozuia mlango usifunguke ni komeo lilelile la siku zote, na hapa ndo natamani watu wapaelewe kabla hawajatoa hela, maana wengi wananunua wakiamini mlango umekuwa mgumu zaidi kuvunjwa wakati kilichobadilika ni kitu kingine kabisa: nani ana ruhusa ya kufungua, na unaijuaje.

Ufunguo wa kawaida hauulizi wewe ni nani. Aliye nao anafungua. Ukishampa mtu huna uhakika kama hajachonga kopi, na ukipotea njia pekee ya kulala kwa amani ni kubadilisha silinda, ile sehemu unayoingiza ufunguo, na kuwagawia upya wote waliokuwa na ufunguo. Kitasa janja kinakupa nafasi ya kila mtu kuwa na namba yake, mtu wa usafi unamwekea inayofanya kazi Jumanne asubuhi tu, fundi unampa ya leo inayokufa jioni, na ukimfuta mmoja wengine hawaguswi. Alafu kuna kumbukumbu, yaani unaona namba ya nani imefungua saa ngapi. Hiyo ndo faida ya kweli ya hiki kitu na kwa nyumba yenye watu wengi wanaoingia na kutoka ni faida kubwa sana, kwa mtu anayeishi peke yake na hampi mtu ufunguo mimi naona inapungua.

Vipo vya aina mbili kubwa. Kuna vinavyochukua nafasi ya kitasa chote, na kuna vinavyobandikwa upande wa ndani tu, vinashika kile kitufe cha kuzungusha au ufunguo wako wa zamani na kukizungushia, nje mlango unabaki kama ulivyokuwa na funguo zako zinaendelea kufanya kazi. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa mlango aanze kuangalia hii ya pili.

Kuhusu mawasiliano, chenye Bluetooth peke yake kinafunguka ukiwa karibu tu. Chenye waifai unakifungua ukiwa mbali, ila kinakula betri haraka. Vya Zigbee, Z-Wave na Thread, ambazo ni aina nyingine za redio, vinapitia kifaa cha katikati kinachounganisha vitu vya nyumbani na kwenye betri vina nafuu, na toka 2022 kuna kiwango kinaitwa Matter ambacho kinasaidia vifaa vya kampuni tofauti kuelewana.

Sasa kufunga. Watu wanaogopa upande wa simu wakati sehemu inayosumbua ni mbao na chuma. Pima unene wa mlango, vingi vimetengenezwa kwa milango ya milimita 35 hadi 45, pima pia kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu, mara nyingi ni 60 au 70. Kama mlango wako ni wa silinda ile ndefu inayopita katikati ya kitasa, pima kila upande peke yake kuanzia kwenye skrubu ya kati, maana silinda ikichomoza nje zaidi ya milimita 2 au 3 mwizi anaikamata kwa koleo na kuivunja, na hapo hakuna ujanja wa kompyuta utakaokusaidia.

Jambo ambalo ningemwambia kila mtu alifanye kabla hata ya kununua: funga mlango, kisha zungusha ufunguo wako wa sasa kwa vidole viwili. Kama komeo linaingia lenyewe bila kuvuta wala kunyanyua mlango, uko vizuri. Kama inabidi uusukume kidogo na bega au uunyanyue ndo komeo liingie, rekebisha bawaba au tanua tundu la kwenye fremu kwanza, kwa sababu wewe una nguvu ya kuulazimisha ila ile mota haina, itahangaika kila siku, betri zitaisha mapema, na mbaya zaidi kuna siku komeo litaishia katikati wakati wewe umeshaondoka ukijua mlango umefungwa. Wengi wanaolalamika kitasa kibovu, ukifuatilia ni mlango umeshuka. Skrubu za kitasa kaza kwa bisibisi ya mkono, ukikaza na drili unaminya mwili wa kitasa na komeo linakuwa zito. Kile kibati cha kwenye fremu kinachopokea komeo nacho kisishikwe na skrubu fupi zinazoishia kwenye ubao mwembamba, kwenye fremu ya mbao weka ndefu, za kama milimita 75, zifike kwenye kiunzi kilichoko nyuma, hiyo peke yake inaupa mlango nguvu dhidi ya teke kuliko umeme wote uliomo ndani ya kitasa. Na majaribio ya kwanza yote yafanye mlango ukiwa wazi, funga fungua mara nyingi, namba, simu, kidole, ufunguo, ndo uje uufunge ukiwa na mtu ndani.

Betri nyingi ni zile AA nne. Watengenezaji wengi wanasema tumia za alkali na sio za kuchaji, sababu ni kwamba ya alkali mpya ina volti 1.5 na inashuka taratibu, ya kuchaji inakaa kwenye 1.2 muda mrefu alafu inadondoka ghafla, kwa hiyo kitasa kinashindwa kukuonya mapema. Betri zikiisha kwa kawaida komeo linabaki pale lilipokuwa, lililofungwa linabaki limefungwa. Ndo maana usinunue chochote ambacho hakina njia ya dharura upande wa nje, iwe tundu la ufunguo, sehemu ya kugusisha betri ya volti 9, au tundu la chaja. Na ufunguo wa akiba ukae kwa mtu unayemwamini, sio kwenye droo iliyoko ndani ya nyumba hiyohiyo.

Haya, je kinaweza kudukuliwa? Ndiyo, na imeshaonyeshwa hadharani. Mwaka 2016 kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON kule Las Vegas, watafiti Anthony Rose na Ben Ramsey walijaribu vitasa na kufuli 16 za Bluetooth wakafungua 12, nyingine zilikuwa zinatuma paswedi hewani wazi kabisa bila kufichwa, yeyote mwenye kifaa cha kusikiliza anaidaka. Mwaka 2018 kampuni ya Pen Test Partners ya Uingereza ikaonyesha kwamba kufuli ya Tapplock ilikuwa inatengeneza siri yake kutokana na anwani ya Bluetooth ambayo kufuli yenyewe inaitangaza muda wote, wakaifungua chini ya sekunde mbili. Ukiangalia yote mawili utaona hesabu za usimbaji, yaani za kuficha ujumbe usisomwe na wengine, hazikuvunjwa, tatizo lilikuwa uzembe wa aliyetengeneza. Kwa hiyo kuandikwa kwenye boksi kwamba kinatumia usimbaji wa kiwango cha benki hakuniambii chochote, mimi nataka kujua kama kampuni inatoa masasisho, inatoa kwa miaka mingapi, na watafiti wakiwaandikia kuhusu udhaifu wanajibu au wanakaa kimya.

Udukuzi wa 2022 ni tofauti kidogo na inatakiwa uuelewe. NCC Group, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha kwamba unaweza kurefusha mawasiliano ya Bluetooth kwa kuweka kifaa kimoja karibu na simu ya mwenye nyumba na kingine karibu na mlango, kitasa kikadhani simu iko pale nje. Walifanya hivyo kwa gari la Tesla na kwa kitasa cha Kwikset Kevo. Hii inagusa vile vinavyofunguka vyenyewe ukikaribia. Dawa yake ni rahisi, zima hiyo huduma ya kujifungua yenyewe, kubali kubonyeza kitu. Najua raha yake mikono ikiwa imejaa mizigo, ila kwa mlango wa mbele mimi siioni kama inastahili.

Na wakati mwingine hakuna mwizi hata mmoja. 2017 kampuni ya LockState ilituma sasisho lisilo sahihi na vitasa kama 500 vikagoma, wenye navyo wakabaki na ufunguo wa chuma tu. Kuna pia Revolv, hicho hakikuwa kitasa ni kifaa cha kuunganisha vitu vya nyumbani, 2016 seva zake zilizimwa kikawa hakina kazi tena. Kabla ya kununua uliza hivi: intaneti ikikatika au kampuni ikifa, namba ya siri bado itafungua? Kama jibu ni hapana achana nacho.

Ila kusema kweli, mwizi wa nyumba hana haja ya kubeba kompyuta, anaangalia dirisha, anaangalia mlango wa nyuma, anapiga teke. Na akitaka kupitia kwenye kitasa kilichotengenezwa vizuri, njia nyepesi ni wewe mwenyewe. Chukua namba ya siri ya tarakimu nne. Zipo 10,000 kwa jumla, inasikika nyingi, lakini kama vidole vimeacha alama kwenye vitufe vinne tu basi zinabaki 24 za kujaribu. Tarakimu sita tofauti zinabaki 720 hata kama vitufe vyote sita vinajulikana, na kitasa kinachokataa kupokea namba kwa dakika kadhaa baada ya kukosea mara kadhaa kinammaliza anayebahatisha. Futa vitufe mara kwa mara, na usiweke mwaka wa kuzaliwa. Kidole ni kizuri ila kikiwa na maji au kimechubuka kwa kazi kinagoma, na chagua kitasa kinachohifadhi alama za vidole ndani yake chenyewe na sio kwenye seva, paswedi ikivuja unabadilisha, kidole hubadilishi.

Alafu akaunti. Anayeingia kwenye akaunti yako ya apu ana nyumba yako, iwe paswedi ambayo huitumii popote pengine, weka uthibitisho wa hatua mbili, na barua pepe iliyofungulia akaunti nayo ilindwe hivyohivyo kwa sababu ndo inayotumika kubadilisha paswedi. Kama umeunganisha na spika ya kuamrisha kwa sauti, kufungua kwa sauti kuwe kunadai namba, vinginevyo mtu anaweza kupaza sauti dirishani.

Kuna upande mmoja nauona hauzungumzwi vya kutosha. Mwenye akaunti kuu anaona kila mtu wa nyumba katoka saa ngapi karudi saa ngapi, na anaweza kumfuta yeyote akiwa popote. Kwenye nyumba yenye amani hilo ni jambo dogo. Kwenye nyumba ambayo mmoja anamtawala mwenzie, au watu wameachana lakini apu bado iko kwenye simu ya aliyeondoka, hicho kitasa kimekuwa silaha, na anayeumizwa huenda hata hajui kama anafuatiliwa. Kwa hiyo nani anakuwa msimamizi ni mazungumzo ya nyumba nzima kabla ya kutoboa tundu, watu wazima wanaoishi pale wawe na ngazi sawa ya usimamizi, na mtu akihama orodha ya watumiaji ipitiwe siku hiyohiyo. Kwa ndani, kila mtu hata mtoto aweze kuzungusha kitufe kwa mkono na mlango ukafunguka bila betri wala namba, moto ukiwaka hakuna muda wa kutafuta simu.

Ukihama wewe, kukabidhi funguo hakutoshi. Ondoa kitasa kwenye akaunti yako, kirudishe kwenye hali ya kiwandani, namba na vidole vyote vifutike, na wewe unayehamia ukikuta kitasa janja mlangoni fanya hivyohivyo kabla ya kulala usiku wa kwanza, bila kujali aliyekuachia amekuambia nini, na kikikataa kwa sababu bado kiko kwenye akaunti ya mtu mwingine basi badilisha kitasa.