Dayati ya ini: kwa nini unaambiwa unywe tu wiki mbili kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito

Ukishapangiwa tarehe ya upasuaji wa kupunguza uzito, iwe ule wa kukata sehemu ya mfuko wa tumbo au ule wa kuunganisha utumbo upya, unapewa karatasi imeandikwa lishe ya vimiminika, mara nyingi wiki mbili, na ukiisoma unaona adhabu tupu: sheki asubuhi, sheki mchana, supu iliyochujwa jioni, hamna ugali, hamna wali, hata andazi hamna. Wengi wanadhani ni ya kusafisha tumbo, wengine wanasema daktari anawapima kama wana nidhamu. Wala. Hii kitu inahusu ini, ndo maana kuna madaktari wanaiita dayati ya kusinyaza ini na mimi naona hilo jina lingetumika kila mahali tungeelewana mapema.

Iko hivi. Ini lako liko kulia chini ya mbavu ila lina upande wa kushoto unaovuka katikati ukalala juu ya mfuko wa tumbo, yaani pale pale daktari anapotaka kufanyia kazi. Na siku hizi hawapasui tumbo zima, wanatoboa vitundu vidogo vidogo, kimoja kinaingia kamera vingine vinaingia vyuma, tumbo linajazwa gesi lipate nafasi, alafu ini linainuliwa na kushikiliwa juu muda wote wa kazi. Sasa mtu mwenye uzito mkubwa mara nyingi ini lake limejaa mafuta, limevimba, zito, na laini vibaya (kama umewahi kununua maini buchani ukakuta yale ya manjano manjano yanayoachia ukiyashika, ndo picha yenyewe). Ini la hivo likiinuliwa linachanika na kuvuja damu, au linaziba tu kamera haioni kitu. Hapo daktari ana mawili, apasue kwa kisu kirefu au akufunge urudi nyumbani bila kufanyiwa chochote.

Dawa yake ni kulinyima ini wanga na sukari. Ini ni ghala, linatunza sukari kwa umbo linaloitwa glaikojeni, kama gramu 100 hivi, na kila gramu moja ya glaikojeni inashika maji kama gramu 3. Ukiacha wanga siku moja mbili ghala linaisha na maji yake yanatoka, baada ya hapo mwili unageukia mafuta na yale ya kwenye ini ni kati ya ya mwanzo kuondoka. Kwa wiki mbili ini linaweza kupungua kama asilimia 10 hadi 20 ya ukubwa wake, inatosha kabisa kumpa daktari njia. Na ndo maana siku za mwanzo mzani unashuka kwa kasi hadi mtu anaanza kupiga picha, tulia, mengi ya hayo ni maji.

Ukishaelewa hivo utaona kosa kubwa linalofanyika kwetu. Shangazi yangu alipoambiwa vimiminika tu alikaa siku nne anakunywa uji wa ulezi wenye sukari, juisi ya embe na madafu, anajiona mtiifu kuliko wote, na kweli hakutafuna kitu, ila uji ni nini kama sio ugali uliozidishwa maji? Wanga ule ule. Juisi ya miwa, soda, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, vyote vinanyweka na vyote vinalijaza tena ghala lile lile. Kinachotafutwa ni kalori chache, kwa kawaida 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga kidogo sana, na protini ya kutosha, gramu 60 mpaka 80 hivi, ili mwili usile misuli yako. Kwa hiyo ni maziwa yaliyopunguzwa mafuta, mtindi usio na sukari, sheki za protini, supu ya kuku au samaki iliyochujwa na kuenguliwa mafuta, chai ya rangi isiyo na sukari, na maji lita 2 hivi. Uingereza kuna hospitali zinakupa maziwa tu, kama lita 1.7 kwa siku na vitu vidogo vidogo, basi. Na kuna hospitali zinaruhusu hata chakula cha kawaida kidogo, nyama kipande na mboga za majani, maana majimaji yenyewe sio siri, siri ni wanga. Fuata karatasi ya hospitali yako, usichanganye na ya jirani.

Siku ya 2 mpaka ya 4 ndo ngumu. Kichwa kinagonga, baridi, hasira za bure, kizunguzungu ukisimama ghafla, na mdomo unatoa harufu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, hiyo ni ketoni, maana yake mafuta yanaungua. Ni arosto kabisa. Bakuli la supu ya moto yenye chumvi linasaidia kichwa kuliko unavyodhani, labda kama una presha umeambiwa upunguze chumvi. Kahawa ianze kupunguzwa wiki moja kabla, usikutane na arosto mbili kwa mpigo. Choo kitakuwa kigumu au kitapotea siku kadhaa, ongeza maji na uliza kuhusu dawa ya kulainisha. Baada ya hapo njaa ya tumbo inalegea, inabaki njaa ya mdomo, yaani hamu ya kutafuna, hii ndo inayoangusha watu, hasa anayepikia familia. Mwachie mwingine jiko kwa wiki mbili kama inawezekana, maana kuonja chumvi ya pilau kunaanza na kijiko kunaishia na sahani. Na usilinganishe na kufunga Ramadhani, kule kuna futari inakusubiri, ukifuturu mihogo ya nazi na tambi ini linarudi pale pale.

Watu nao watasema. Mbona umenyong'onyea, kula kidogo tu haitakudhuru. Mwingine atakuambia kwani si ungewekewa puto tumboni kama walivyowekewa kule hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, sasa puto linaingizwa kupitia mdomoni bila kukata chochote, hiyo ni habari nyingine. Sio lazima umweleze kila mtu, sema una dozi hospitali inatosha.

Hili la dawa lakini sio la utani. Kama unachoma insulini au unameza glibenklamaidi kwa ajili ya kisukari, ukapunguza chakula ghafla ukaendelea na dozi ile ile, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Dawa nyingine za kisukari, zile za jamii ya dapagliflozin, zinatakiwa kusimamishwa siku kadhaa kabla ya upasuaji, na madaktari wengine wanazisimamisha hata kabla ya dayati kuanza, maana zikikutana na njaa hii zinaweza kuleta asidi ya hatari kwenye damu. Dawa za presha zinazokojoza nazo zinaleta kizunguzungu. Mpigie daktari kabla ya siku ya kwanza, usisubiri ya tano.

Na ukiteleza ukala chipsi mayai usiku wa sita? Kesho yake rudi kwenye sheki. Ila kama umeteleza wiki nzima mwambie daktari ukweli, kusogeza tarehe ni kazi ya simu moja, kuligundua ini limejaa ukiwa umeshalazwa mezani na dawa ya usingizi imeingia ni kitu kingine.

Jambo moja linachanganya watu: baada ya upasuaji utarudishwa tena kwenye vimiminika, lakini ile sio dayati ya ini tena. Ile ni kwa ajili ya kidonda, mshono wa ndani haujashika vizuri na mfuko uliobaki ni mdogo, kwa hiyo hapo utakunywa kwa kufonza, kidogo kidogo, kikombe kimoja saa nzima, na hata ukitaka kugida hutaweza.