Kibao cha Trevithick mtaa wa Gower: garimoshi lilikwenda, reli ikavunjika

Ukipita mtaa wa Gower jijini London, kwenye ukuta wa chuo kikuu cha UCL utaona kibao kinachosema kwamba karibu na hapo, mwaka 1808, Richard Trevithick aliendesha garimoshi la kwanza la mvuke kuvuta abiria. Jina lake limefuatiwa na mabano: mwanzilishi wa mvuke wa shinikizo kubwa. Mimi huyapa mabano hayo uzito kuliko hilo "la kwanza".

Injini za mhandisi James Watt, zilizotangulia, zilitumia mvuke uliozidi kidogo tu shinikizo la hewa. Mvuke ulipozwa kwenye kondensa, likabaki ombwe, yaani nafasi tupu, upande mmoja wa pistoni; mvuke wa upande wa pili ukaisukuma. Kondensa, pampu na maji baridi tele: mzigo huo haupandi juu ya magurudumu. Trevithick aliitupa kondensa, akapandisha shinikizo, na mvuke uliokwisha kazi akautolea kwenye dohani, ambako ulivuta hewa na kuchochea moto. Silinda ikapungua; ile ya Penydarren, Wales, ilikuwa na kipenyo cha inchi 8¼ tu. Tarehe 21 Februari 1804 kichwa cha garimoshi chenye silinda hiyo kilikokota tani 10 za chuma na watu wapatao 70, karibu maili 10, kwa saa 4 na dakika 5.

Shinikizo lina bei yake. Mwaka 1803 boila yake moja ililipuka Greenwich na kuua watu. Akaongeza valvu ya usalama ya pili, pamoja na kizibo cha madini ya risasi juu ya tanuri, chini kidogo ya kina ambacho maji hayatakiwi kupungukia. Maji yakishuka, kizibo hukosa cha kukipoza. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, mvuke ukapuliza motoni. Vizibo vya namna hiyo bado vimo kwenye magarimoshi yanayotembea leo.

Kibao hakitaji reli, na ndiko shida ilikokuwa. Zilikuwa za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma hicho huvumilia kugandamizwa, lakini hakivumilii kuvutwa: hukatika kabla hakijapinda. Gurudumu likifika katikati ya kipande, upande wa chini unavutika na ufa unaanzia hapo. Penydarren vipande vilivunjika chini ya kichwa cha tani 5 hivi. London, ambako kiingilio kilikuwa shilingi 1, kichwa kilikuwa kizito zaidi, ardhi laini, mbao za chini zikadidimia; reli ikakatika, injini ikapinduka, maonyesho yakafungwa.

Dawa ilikuja 1820, John Birkinshaw wa Bedlington alipopata hataza ya kupitisha chuma cha kufuliwa kati ya rola. Chuma hicho hupinda kwanza. Reli zake zilikuwa na urefu wa futi 15, nafasi ambayo vipande vya zamani vya futi 3 vingehitaji vitano.